Hugo Junkers, Profesa wa Mabati

Ubavu wetu wa kwanza ulitoka kama ndizi. Nasema ubavu, lakini si wa mtu, ni wa bawa la ndege: kile kipande chembamba cha bati kinachokaa ndani ya bawa kutoka mbele kwenda nyuma na kulipa umbo lake, juu pamebinuka, chini pamelala. Sisi wanne wa mwaka wa mwisho tulikuwa tumeahidi kwa maandishi, mbele ya idara, kwamba tutaunda kipande cha bawa la ndege ndogo, zile ambazo watu wa nchi nyingine wanaziunda wenyewe kwenye gereji za nyumbani. Urefu wa mita moja na nusu, aluminiamu tupu, mbao hakuna, kitambaa hakuna. Mbavu sita tu. Tukaona ni kazi ya wikiendi moja, Jumapili jioni tunarudi hosteli kula.

Kazi yenyewe ukiisimulia ni nyepesi. Unachonga kalibu mbili za mbao ngumu zenye umbo la ubavu. Unapiga msasa kingo zake ziwe za mviringo, maana ukiziacha kali bati litapasuka palepale linapokunjwa. Unakata bati la unene wa milimita 0.6, unaliacha lizidi kalibu kwa sentimita moja na nusu hivi pande zote, unalibana katikati kwa boliti, kisha unaupiga ule mdomo uliobaki nje kwa nyundo ya mpira, taratibu, mpaka ulale. Mdomo huo ndio utakaotobolewa matundu na kupigwa ribiti ushikane na ngozi ya bawa. Palipo na mstari ulionyooka hakuna maneno. Balaa liko puani, pale mbele panapozunguka. Mdomo ukiwa bado haujalala, ukingo wake umezunguka duara kubwa. Ukiulaza, ukingo uleule unatakiwa uenee kwenye duara dogo zaidi. Bati la ziada litakwenda wapi? Linajifinyanga ovyo, au linauvuta ubavu mzima unapinda. Ndiyo hiyo ndizi.

Fundi wa karakana yetu, mzee ambaye hajawahi kukaa kwenye lekcha hata moja, alitutazama akacheka sana. Akatuambia kwamba tunashona sketi bila kutia marinda. Akachukua koleo la midomo ya duara, akaminya vikunjo vidogo kwenye ule mdomo, kimoja kila baada ya sentimita tatu hivi, katikati ya sehemu ambazo ribiti zitapita. Kila kikunjo kinameza bati kidogo. Ndizi ikanyooka mbele ya macho yetu, na sisi tulikuwa na A ya hesabu za mikunjo.

Usiku ule nikaanza kutafuta ni nani hasa aliyeanza habari hii ya kutoa bati kwenye paa na kulipeleka kwenye bawa. Nilitegemea nitamkuta kijana wa Kimarekani mwenye koti la ngozi. Nikamkuta mzee wa Kijerumani, profesa wa mambo ya joto, mwuza heta za maji ya kuogea, baba wa watoto 12, ambaye alianza kushughulika na ndege akiwa na umri ambao wengi wetu tunautegemea kwa kustaafu. Jina lake Hugo Junkers.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1859 katika mji wa Rheydt, upande wa magharibi wa Ujerumani, mtoto wa mwenye kiwanda cha kufuma nguo. Nyumba ilikuwa na wana saba, wote wa kiume. Masomo yake hayakunyooka kama tunavyopenda kuyaandika kwenye wasifu wa kuombea kazi: alisoma Berlin, akasoma Karlsruhe, akamalizia Aachen mwaka 1883, akarudi kwao kufanya kazi kidogo, kisha akaenda tena Berlin kusikiliza mihadhara kama mtu ambaye hajashiba. Mwishoni mwa miaka ya 1880 akatua Dessau, mji wa wastani tu, kwenye kampuni ya gesi, akawa anatengeneza injini za gesi pamoja na Wilhelm Oechelhäuser. Injini yao ilikuwa na pistoni mbili ndani ya silinda moja zinazokutana uso kwa uso. Wazo hilo hakuliacha mpaka anazeeka. Miaka mingi baadaye kampuni yake ilitoa injini za dizeli za ndege zenye mpangilio uleule.

Sasa angalia jinsi jambo moja linavyozaa jingine. Ukitaka kujua injini yako ya gesi ina ufanisi gani, lazima kwanza ujue gesi yenyewe ina joto kiasi gani. Vipimo vya wakati ule vilikuwa vya kubahatisha. Junkers akaunda kalorimita: gesi inawaka ndani ya chombo, maji yanapita kuzunguka moto, unapima yameingia na joto gani na yametoka na joto gani. Hataza yake ni ya mwaka 1892. Chombo kilifanya kazi vizuri kupita kiasi. Karibu joto lote la moto lilikuwa linaishia kwenye maji. Mtu mwingine angeandika makala, akapandishwa cheo, basi. Yeye akaona bafu. Mwaka 1895 akafungua kampuni na mwenzake Robert Ludwig, Junkers & Co., pale Dessau, kutengeneza heta za gesi za kupasha maji. Baadaye ikabaki ya kwake peke yake.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo ndege zake zilipotokea. Maji ya moto ya kuogea ya Wajerumani ndiyo yaliyolipia utafiti wote. Hakuwa na mfadhili, hakusubiri ruzuku ya wizara. Na kitu cha pili ambacho hakionekani haraka: kiwanda cha heta ni kiwanda cha mafundi wa bati jembamba. Watu wake walijua kulikunja, kulizungusha, kulichomelea bila kulitoboa. Tukilia sisi kwamba bumu limechelewa na bati la aluminiamu ni ghali, tukumbuke kwamba pale Gerezani kuna vijana wanaokunja bati la sanduku kwa jicho tu, wala hatujawahi kwenda kuwauliza chochote.

Mwaka 1897 Aachen wakamwita awe profesa. Akawa anafundisha upande huu wa nchi na kuendesha biashara upande ule. Mwaka uliofuata akamwoa Therese Bennhold. Pale Aachen ndipo mwenzake wa idara nyingine, Hans Reissner, alipomvuta kwenye ndege. Reissner alikuwa anaunda ndege yake mwenyewe na alihitaji msaada. Mabawa ya ile ndege, iliyoruka mwaka 1912, yalifunikwa kwa aluminiamu ya mikunjo kama bati la nyumba, kutoka kwa mafundi wa Junkers. Lakini mzee mwenyewe alikuwa ameshatangulia kimawazo. Mwezi Februari 1910 alipewa tarehe ya hataza ya kitu ambacho wakati ule kilionekana kama ndoto ya mchana: bawa nene, lisilo na nyaya za kulishikilia kutoka nje, ambalo injini, mizigo na watu wote wanakaa ndani yake. Ndege ni bawa, yaliyobaki ni ziada.

Mwaka 1912 akaacha uprofesa. Alikuwa na miaka 53.

Inabidi tukumbuke ndege za siku zile zilikuwaje. Fito za mbao, kitambaa kilichopakwa gundi ya kukazia, na msitu wa nyaya. Mabawa yalikuwa membamba kama karatasi kwa sababu watu waliamini bawa nene litazuia hewa, na bawa jembamba haliwezi kujibeba, kwa hiyo nyaya, na nyaya zenyewe ndizo zilizokuwa zinazuia hewa. Junkers alikuwa amejenga handaki la upepo na kupima. Vipimo vikamwambia bawa nene si tatizo likichongwa vizuri. Na bawa nene lina nafasi ndani ya mihimili mirefu ya kutosha kwenda juu na chini, kwa hiyo linasimama lenyewe.

Ndege yake ya kwanza, J 1, ilikuwa ya chuma. Si aluminiamu, chuma hasa, chembamba kama cha kopo. Aluminiamu ya kawaida ilikuwa laini mno, na ile aloi ngumu nitakayoieleza hapo chini bado ilikuwa na matatizo ya kuifanyia kazi. Chuma chembamba mafundi wa heta walikuwa wanakijua. Ngozi ya nje ilikuwa laini, ndani yake wakachomelea tabaka jingine la bati la mikunjo ili ile ya nje isilegee. Tarehe 12 Desemba 1915, vita vikiwa vimepamba moto, rubani Mallinckrodt aliinyanyua kutoka uwanja wa Döberitz karibu na Berlin. Aliruka chini chini tu, lakini aliruka. Baadaye ikapimwa mwendo wa kilomita 170 kwa saa, kasi ya kuheshimika kwa injini iliyokuwa nayo. Tatizo lilikuwa kupanda. Ilikuwa nzito, inapanda kwa kujikongoja, na wanajeshi wakaibatiza jina la utani: Punda wa Bati.

Hiyo aloi ngumu inaitwa duralumini. Ilitokana na kazi ya Alfred Wilm, mtaalamu wa madini, kati ya mwaka 1906 na 1909, na jina lake lina mji wa Düren ndani yake, walikoitengeneza. Siri yake ni ya ajabu: unapasha moto aluminiamu yenye shaba kidogo na magnesi, unaizamisha kwenye maji, inatoka laini. Unaiacha tu mezani. Siku chache baadaye imekuwa ngumu yenyewe, bila mtu kuigusa. Wanafunzi wa metali mnaijua, ilikuwemo kwenye ule mtihani uliowapeleka watu sapu. Kwa fundi maana yake ni hii: unayo saa chache za kukunja, baada ya hapo bati linakukatalia. Sisi karakana yetu ilinunua bati ambalo tayari ni gumu, kwa hiyo linakunjika kwa shida na likikunjwa linarudi nyuma. Ndiyo maana kingo za kalibu yetu tulilazimika kuzichonga ziingie ndani kwa nyuzi chache zaidi ya 90, ili bati likirudi lisimame wima. Hilo pia tulilijua baada ya ubavu wa pili.

Kwa duralumini Junkers akaunda ndege za vita. Nisifiche. Mwaka 1917 ilitoka ile iliyoitwa J.I na jeshi, yenye mabawa mawili, marubani wamekaa ndani ya beseni la chuma lenye unene wa milimita 5, kazi yake kupita juu ya mahandaki ya askari kwa kimo cha chini huku risasi zinagonga. Zilijengwa 227. Serikali ikaona profesa anatengeneza polepole mno, ikamlazimisha aungane na Anthony Fokker, mfanyabiashara kijana mwenye maneno mengi. Ndoa hiyo haikuwa na mapenzi toka siku ya kwanza na ilivunjika vita vilipokwisha.

Na vilipokwisha, hapa ndipo namkubali mzee huyu. Kila kampuni ilikuwa inachukua ndege za kudondoshea mabomu, inatia viti vya matete, inaziita za abiria. Junkers akawaambia watu wake waanze upya kabisa, wabuni ndege ya abiria tangu karatasi ya kwanza. Mbunifu alikuwa Otto Reuter. Ndege ikaitwa F 13. Iliruka mara ya kwanza tarehe 25 Juni 1919, siku tatu kabla ya Mkataba wa Versailles kutiwa saini. Abiria wanne ndani ya chumba kilichofungwa, chenye madirisha, viti vya kukalia kwa starehe, mikanda, na joto. Marubani walikaa mbele wakipigwa na upepo, maana watu waliamini rubani asiposikia upepo usoni hawezi kuendesha.

Bawa la F 13 ndilo lililonifanya niandike makala hii. Chukua bati la alumini lililo tambarare, lishike upande mmoja: linainama lenyewe kama kanga kwenye kamba. Chukua bati la migongo, lishike kwa upande ambao migongo inaelekea kwako: limesimama. Sasa lishike kwa upande mwingine, migongo ikikatiza mbele yako: linacheza kama kinanda cha mvukuto. Kila aliyewahi kuezeka banda anajua hili. Junkers aliiweka migongo ielekee kutoka pua ya bawa kwenda mkiani, njia ileile hewa inayopita. Kwa hiyo ngozi yenyewe ikawa inashika umbo la bawa. Ile kazi ambayo ubavu wetu unafanya, ngozi yake ilikuwa inaifanya peke yake. Na kwa kuwa migongo haiwezi kusaidia chochote bawa linapotaka kupinda kuelekea ncha, ndani akaweka mabomba ya duralumini kadhaa yanayokwenda urefu wote wa bawa, yameunganishwa kwa vijiti vya pembetatu kama mnara wa simu. Mabomba yanabeba kupinda, ngozi inabeba kusokotwa. Ribiti zinashikilia ndoa hiyo.

Maana yake ni kwamba mtu niliyemtafuta kwa sababu ya mbavu ndiye hasa aliyezikwepa. Nilicheka peke yangu kitandani mpaka mwenzangu wa chumba akaniuliza kuna nini.

Ndege hizo zilikwenda kusikokwendeka. Mbao huoza kwenye joto lenye unyevu, gundi huachia, kitambaa huliwa na jua. Bati linavumilia. Kule Colombia F 13 zilizofungwa maboya zilikuwa zinatua kwenye mto Magdalena, safari ya siku nyingi kwa boti ikawa ya saa chache. Uajemi kampuni ilikuwa na njia zake toka katikati ya miaka ya 1920. Kule New Guinea, miaka ya 1930, ndugu yake mkubwa, G 31 yenye injini tatu, ilibeba mashine za kuchimbia dhahabu zilizokatwa vipande, kipande kwa kipande, kutoka pwani ya Lae kuvuka milima hadi Bulolo, ambako barabara haikuwepo. Mwezi Aprili 1928 ndege yake aina ya W 33, iliyopewa jina Bremen, ilivuka Atlantiki kutoka Ireland ikapigana na upepo wa mbele na kutua kisiwani upande wa Canada. Hakuna ndege iliyokuwa imevuka Atlantiki ya Kaskazini kwa upande huo bila kutua njiani kabla yake. Henry Ford akatoa ndege ya mikunjo iliyofanana na za Dessau kama desa na desa. Ilipojaribu kuuzwa Ulaya, Junkers alikwenda mahakamani akashinda.

Lakini bati la migongo lilikuwa na deni lake. Hewa haipiti bawa kwa kunyooka kama rula. Inapinda pembeni kidogo, inakatiza migongo, na ile ngozi ina eneo kubwa la kusugua kuliko inavyoonekana. Kadiri kasi ilivyopanda, deni lilikua. Mjerumani mwingine, Adolf Rohrbach, alikuwa ameshaonyesha toka mwaka 1920 kwamba unaweza kutumia ngozi laini inayobeba mzigo, bawa likawa sanduku. Ndege yake kubwa ya Staaken iliharibiwa kwa amri ya washindi wa vita, lakini wazo likabaki. Ngozi laini inahitaji kushikwa isikunjamane, na kinachoishika ni mbavu. Kwa hiyo mbavu zikarudi kwa wingi. Viwandani zinapigwa kwa presi kubwa ya maji na mpira, moja kwa dakika. Gerejini zinapigwa kwa nyundo na kalibu ya mbao. Junkers aling'ang'ania migongo yake mpaka miaka ya 1930. Nadhani alikosea, na nadhani alikosea kwa sababu ileile iliyomfanya apatie mwanzoni: alikuwa akishaamini kitu hakuachi.

Biashara nayo ilikuwa hivyo. Mkataba wa amani uliwabana Wajerumani wasitengeneze ndege kwa uhuru. Mwaka 1922, kwa ushawishi wa jeshi la nchi yake lililotaka kukwepa mkataba kwa siri, alikubali kufungua kiwanda Fili, karibu na Moscow. Pesa zilizoahidiwa hazikutosha, ndege zilizoagizwa zilikuwa chache, na waliomtuma wakajitoa pembeni akabaki na madeni. Shirika lake la ndege, mojawapo ya makubwa Ulaya, liliunganishwa kwa nguvu na mshindani wake, na Januari 1926 ikazaliwa Lufthansa. Yeye akiwa nje. Waliomkopesha walimwona mzee anayemwaga faida yote ya heta kwenye utafiti, na hawakusema uongo. Alikuwa na maabara za kila kitu. Shule ya Bauhaus ilipohamia Dessau mwaka 1925 alikuwa miongoni mwa waliowaunga mkono, akaanza kufikiria nyumba za chuma pia. Akajenga G 38, jitu la injini nne lililoruka mwaka 1929, ambamo baadhi ya abiria walikaa ndani ya shina la bawa na kutazama mbele kupitia madirisha yaliyochongwa kwenye ukingo wake. Hataza ya 1910, miaka 19 baadaye, ikiwa nusu imetimia. Ziliundwa mbili tu.

Ndege iliyomfanya ajulikane na kila mtu ni Ju 52. Oktoba 1930 iliruka ikiwa na injini moja, mwaka 1932 ikatoka ya injini tatu. Wakati huo kampuni ilikuwa imekwisha. Mdororo wa uchumi ulimkuta hana akiba. Novemba 1932 aliuza kile kilichomlisha maisha yote, kiwanda cha heta, kwa Robert Bosch, ili kiwanda cha ndege kisife. Akakiokoa.

Miezi mitatu baadaye Hitler akaingia madarakani.

Serikali mpya ilitaka viwanda vya ndege kwa ajili ya vita, na haikutaka mwenye kiwanda aliye na mawazo yake. Junkers hakuwa mtu wa chama chao. Walichofanya hakikuhitaji bunduki. Walimfungulia tuhuma za uhaini, na pale palipohitajika ushahidi walikuwa na mambo ya zamani ya kuchokonoa, mambo ambayo dola hiyohiyo ilimtuma kuyafanya. Mzee wa miaka 74, akihojiwa na waendesha mashtaka. Juni 1933 akasaini kuachia hataza zake. Walipopata hataza wakarudi kutaka hisa. Oktoba akasaini kuachia asilimia 51. Akapigwa marufuku kuonekana Dessau, mji alioishi na kujenga kwa karibu miaka 45. Wakamweka chini ya kizuizi nyumbani kwake Bayrischzell, milimani kusini, na baadaye akawa Gauting karibu na Munich, akiendelea kuchora nyumba zake za chuma, huku wakimfuata kwa ajili ya hisa zilizobaki. Alifariki Gauting tarehe 3 Februari 1935, siku aliyotimiza miaka 76. Therese, mjane mwenye watoto 12, ndiye aliyelazimika kuuza zile zilizobaki.

Jina hawakulibadilisha. Lilikuwa na thamani sokoni. Septemba ya mwaka huohuo iliruka ndege mpya yenye jina lake, Ju 87, ile ya kushambulia kwa kupiga mbizi, na aliyebeba jina alikuwa kaburini miezi saba. Aprili 1937 ndege za Ju 52, zikiwa zimefungwa mabomu pale palipobuniwa kwa mizigo ya kawaida, zilikuwa miongoni mwa zile zilizouteketeza mji wa Guernica, Hispania. Mpaka vita vinakwisha zilikuwa zimetengenezwa Ju 52 zaidi ya 4,000.

Tulibishana kuhusu hili karakanani, huku tunatoboa matundu. Mmoja wetu anasema mzee alijitakia: ukishawaundia jeshi ndege ya deraya mwaka 1917, ukakubali kwenda Fili kwa siri yao, usishangae wakirudi kuchukua nyumba. Mwingine anasema hakuna kiwanda cha ndege duniani kilichoishi bila jeshi, angefanyaje. Mimi naona kuna tofauti kati ya mtu anayeuza kisu na mtu anayenyang'anywa kisu, lakini sikuweza kuitetea sawasawa, maana tangu mwanzo aliuza pia. Fundi wetu alisikiliza, akauliza kama hataza ni sawa na hati ya kiwanja. Tukamwambia karibu sawa. Akanyamaza, akaendelea kupiga msasa.

Mwaka 2016 kampuni ya Kijerumani inayotengeneza masanduku ya safari ya aluminiamu yenye mikunjo iliirudisha F 13 angani, mpya kabisa, imeundwa kufuata ile ya 1919, ikaruka kutoka Dübendorf, Uswisi. Nimeitazama video yake mara nyingi kuliko ninavyoweza kumwambia msimamizi wetu. Hakuna kitu chochote kilicholainishwa, ni bati la migongo toka puani hadi mkiani.

Sisi tumebakiza mbavu mbili. Prezentesheni ni wiki ijayo, Alhamisi, karakana ya chini, saa nne asubuhi.